Mzee wa dayalisisi kapigwa chanjo ya homa ya ini B zote 3 lakini kinga imesoma 4, hivi ilikuwa feki?

kifunguamimba

Wakuu habari za humu, naomba mawazo yenu maana hapa kichwa kinaniuma. Mzee wangu ana miaka 62, sukari ya muda mrefu, figo zikafeli mwaka jana na sasa anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, masaa manne manne. Alivyoanza tu mashine wakasema achanjwe homa ya ini B, tukakubali, kapigwa ya kwanza, mwezi ukapita akapigwa ya pili, ya tatu mwezi wa sita. Sisi tukajua hilo limeisha. Juzi wamechukua damu kwenye vile vipimo vyao vya kawaida, karatasi imerudi imeandikwa anti-HBs 4 na pembeni nesi kaandika kwa kalamu nyekundu HAIJASHIKA. Hiyo 4 ni ya nini na kati ya ngapi hatujaelezwa, wamesema tu atarudia.

Kilichonitisha zaidi, wiki hiyohiyo kuna mgonjwa mwenzake kakutwa na hiyo B, kahamishiwa chumba cha peke yake na mashine yake imezungushiwa utepe mwekundu. Mzee kaona kwa macho yake. Tangu siku hiyo akirudi nyumbani ni swali lilelile, kile kiti changu alikuwa anakalia nani kabla yangu, na mimi jibu sina.

Sasa naulizia, inawezekana wametupiga chanjo feki? Maana mdogo wangu naye alichanjwa kipindi kilekile, akapima, yake imesoma zaidi ya 1000. Na hiyo kurudia ni sindano moja au zote upya? Na kama mwili umekataa mara ya kwanza si utakataa tena?

mwaka_wa_sita

Pole sana kaka na mpe pole mzee. Mimi nipo kwenye mashine mwaka wa sita huu na hiyo stori ni yangu kabisa, ya kwangu ilisoma chini ya 2, karatasi nikaikunja nikaweka mfukoni sikumwambia hata mke wangu, nilijua ndo basi tena. Feki toa akilini kwanza. Watu wa figo chanjo hii inatusumbua, kwa watu wazima wazima wenye afya zaidi ya 90 kati ya 100 inashika, sisi wa dayalisisi ni kama nusu tu au zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo mdogo wako kusoma 1000 na mzee kusoma 4 kwa chanjo ileile haishangazi hata kidogo.

Mimi nilirudia zote ikafika 38. Sio nyingi ila imevuka mstari.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kabla ya mashine nilikaa miaka na miaka naenda kliniki, kreatinini (kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochoka) inapanda kidogo kidogo, naambiwa punguza chumvi kunywa dawa ya presha, hakuna hata mmoja aliyenitajia chanjo. Na ule ndo ulikuwa wakati wake, figo zikiwa bado zinajikongoja mwili unaitikia vizuri zaidi kuliko ukishafika kwenye mashine. Yeyote humu mwenye mgonjwa ambaye figo zimeanza kuchoka ila hajafika huku, kaulizie chanjo wiki hii.

Babu Tozi

Chanjo hizo hizo ndo zinaleta huo ugonjwa nyie hamjui tu. Shemeji yangu alikuwa mzima, kachanjwa jumatatu, wiki iliyofuata kapimwa kaambiwa ana homa ya ini. Elezeni na hilo wataalamu.

mpima_damu

Babu Tozi heshima yako mkuu, hilo linaelezeka na lina maelezo mafupi. Ndani ya chanjo hakuna kirusi, kuna lile ganda lake la nje tu, protini inayoitwa HBsAg, inatengenezwa maabara kwa kutumia seli za hamira. Na kipimo cha kuangalia kama mtu ana ugonjwa kinatafuta hiyohiyo HBsAg. Sasa ukimdunga mtu protini leo halafu wiki ijayo ukaitafuta kwenye damu utaikuta, ni ile uliyoiweka mwenyewe. Kwa wagonjwa wa dayalisisi imeonekana ikidumu hadi wiki 3 hivi. Hapa maabara ikija sampuli ya mtu wa figo imesoma positive kwa mbali sana, kitu cha kwanza napiga simu wodini nauliza huyu kachanjwa lini, mara nyingi tu najibiwa "alhamisi iliyopita" na wote tunacheka. Huyo anaachwa, anarudiwa baada ya mwezi. Na kuna kipimo kingine anti-HBc, kinga dhidi ya kiini cha kirusi, chanjo haiwezi kukileta hicho hata upigwe mara mia, kikiwepo maana yake mwili umekutana na kirusi chenyewe. Shemeji yako alirudiwa? Alipimwa hicho?

@kifunguamimba hiyo 4 ni kiasi cha kingamwili kwenye damu, kipimo chake ni mIU kwa mililita. Sio kati ya kitu. Mstari uko 10, ukifika 10 na kuendelea unahesabiwa umekingwa, chini ya hapo hapana. Swali langu kwako, hicho kipimo kilichukuliwa muda gani baada ya sindano ya mwisho? Hiyo tarehe ni muhimu kuliko hiyo namba.

Babu Tozi

Hakurudiwa. Nitauliza.

nesi_wa_zamu

Nimeingia kuchelewa, nimetoka zamu. Nafanya kazi chumba cha dayalisisi nitajaribu kumjibu mwenye mada moja moja, mtanisamehe itakuwa ndefu.

Kwanini haishiki. Figo zikifeli taka zinabaki kwenye damu na mfumo wa kinga nao unalewa humohumo. Chanjo ili ifanye kazi kuna seli zinazoibeba ile protini na kuwaonyesha wenzao, hao ndo waamshe wengine wa kutengeneza kingamwili. Kwa mgonjwa wa figo hao wa katikati wanaamka kwa uvivu, ujumbe unafika nusunusu. Ongeza umri wa kuvuka 60, ongeza sukari, ongeza mtu asiyekula vizuri albumini, yaani protini ya damu, iko chini, ongeza dayalisisi isiyotosha kwa sababu anakatisha masaa. Mzee wako sukari na umri tayari anavyo. Sio kosa lake na wala sio uzembe wake, mwambieni hivyo maana najua wazee wengi wanajilaumu kimyakimya.

Kwa sababu hiyo wagonjwa wa dayalisisi HAWAPIGWI dozi ya kawaida. Mtu mzima wa kawaida ni mikrogramu 20, wetu ni 40, mara mbili yake. Ukitumia Engerix-B ni 40 mara nne, yaani siku ya kwanza, mwezi wa 1, wa 2 na wa 6. Recombivax HB wana kichupa chao maalum cha dayalisisi cha 40 na hiyo inaenda mara tatu, mwezi 0, 1 na 6. Ulaya kuna Fendrix imetengenezwa kwa ajili ya watu wa figo, hiyo ni 20 ila imewekewa kichocheo cha nguvu, nayo mara nne. Sasa we umeandika mzee kapigwa tatu, 0, 1 na 6. Inaweza kuwa sawa na inaweza kuwa kapigwa ratiba ya mdogo wako. Nenda kaangalie kadi, imeandikwa mikrogramu ngapi, na muulize mzee alichomwa wapi. Usiniambie "sindano ya kawaida", namaanisha sehemu gani ya mwili.

Hilo la mashine. Ni kweli kirusi hiki kigumu, tone la damu likikauka juu ya meza kinaweza kukaa siku 7 na bado kinaambukiza, hata kama damu yenyewe huioni kwa macho. Ndo maana wa B anatengwa na chumba chake, mashine yake, na nesi anayemhudumia hagusi mgonjwa asiye na kinga kwenye zamu hiyohiyo. Utepe mwekundu uliouona ni kazi inafanyika sio ishara ya hatari. Wasiwasi uwe siku ukiona wanachanganya. Hata watangulizi wetu walijifunza kwa machozi, Edinburgh mwaka 1969 na 1970 homa hii iliingia chumba cha dayalisisi ikaua wagonjwa na wahudumu pia. Halafu angalia hii, Marekani mwaka 1974 wagonjwa wa dayalisisi 6.2 kwa kila 100 walikuwa wanaambukizwa B kwa mwaka, kufika 1980 wameshuka mpaka 1 kwa 100, na hapo chanjo ilikuwa haijaanza kutumika, iliruhusiwa 1981! Ilikuwa ni kutenga, kuvaa glavu na kubadilisha, kufuta viti, kupima watu mara kwa mara. Kwa hiyo mzee hata akiwa na hiyo 4 yake hayuko uchi pale, kama watu wanafanya kazi yao.

SwaliDogo

Samahani naingilia, sisi tunaokaa nyumba moja na mgonjwa wa figo tunatakiwa kuchanja pia? Na kula sahani moja je

mwaka_wa_sita

Sahani kuleni tu, haipiti kwenye chakula. Wembe, mswaki, kikatia kucha ndo kila mtu na chake. Na ndio chanjeni, kwenu itashika vizuri kuliko kwetu.

kifunguamimba

Nimerudi wakuu, nimeitafuta kadi jana usiku mpaka nimeipata ndani ya bahasha ya picha za eksirei. Nesi umenipiga kwenye mshono. Stika tatu zimebandikwa, kila moja imeandikwa 20 mcg, sindano moja kila mara. Nikamuuliza mzee ulichomwa wapi, akacheka akajipiga kalio la kulia, "hapa, zote tatu, mkono walisema una fistula". Fistula, ule mshipa aliotengenezewa wa kuunganishia mashine, iko mkono wa KUSHOTO. Mkono wa kulia upo mzima kabisa!

Na mpima_damu, sindano ya mwisho na hicho kipimo vimeachana miezi 9.

Nimekasirika sana asikwambie mtu. Mwaka mzima mzee anajua kakingwa.

mpima_damu

Hapo sasa. Miezi 9 ni mbali, kipimo kinatakiwa kichukuliwe mwezi 1 mpaka 2 baada ya sindano ya mwisho. Ulivyopima baada ya miezi 9 hujui kama haikushika kabisa au ilishika ikapanda mpaka 30 halafu ikashuka. Ni vitu viwili tofauti. Mwenye afya ikishuka hatuna shida, kumbukumbu ya mwili inabaki na akikutana na kirusi kinga inafufuka yenyewe. Kwa watu wa dayalisisi kumbukumbu hiyo hatuiamini, ndo maana wanapimwa kila mwaka na ikishuka chini ya 10 wanapigwa busta moja. Wa mzee sasa ni kesi gani? Kwa karatasi peke yake huwezi kujua.

nesi_wa_zamu

Ila kwa hii kadi hatuna haja ya kujua. Nusu dozi, halafu makalioni. Chanjo hii ni ya msuli wa begani, kalio lina mafuta mengi, dawa inaishia kwenye mafuta na kinga inapanda kidogo, tangu miaka ya 80 inajulikana, na miongozo ya Marekani inasema dozi iliyopigwa kalioni isihesabiwe kabisa. Kwangu mimi mzee hajawahi kuchanjwa. Anaanza upya, 40 kila dozi, bega la kulia, ratiba nzima, na kipimo mwezi mmoja baada ya ya mwisho. Nenda na kadi, mwonyeshe daktari wa figo hizo stika, sema kwa upole, ugomvi hautapandisha kinga. Mimi mwenyewe nikiwa mgeni kazini nilishawahi kuchomoa kichupa kimoja badala ya viwili kwa sababu friji moja ilikuwa inatumika na watu wa kliniki ya chanjo ya kawaida, mkubwa wangu akanishika mkono kabla sijamfikia mgonjwa. Inatokea kirahisi mno.

Kingine uulizie kuhusu friji kwa kuwa ulianza na hofu ya feki. Chanjo hii adui yake mkubwa ni barafu kuliko hata joto. Inatunzwa nyuzi 2 mpaka 8, ikiganda hata mara moja imekufa, na ukiitazama baada ya kuyeyuka unaona tu maji meupe kama kawaida, ukiitikisa na kuiacha ndo inaweka vipande na kushuka chini haraka. Kichupa kilichosukumwa nyuma kabisa karibu na barafu kinaharibika bila mtu kujua.

Babu Tozi

Nimeongea na shemeji. Alirudiwa kumbe, miezi 2 baadae, negative, hiyo anti-HBc nayo negative. Hakutuambia kwa sababu alishatutangazia wote kwamba anakufa. Nafuta kauli.

mpima_damu

😂 Mpe salamu zangu

kifunguamimba

Babu umenichekesha. Swali la mwisho wakuu, tuseme tumerudia zote vizuri na bado ikasoma 4. Inakuwaje?

nesi_wa_zamu

Wapo, sitakudanganya. Baada ya mizunguko miwili kamili bila kufika 10 anaandikwa haitikii, na maisha yanaendelea. Anapimwa HBsAg kila mwezi ili kikiingia kitu kijulikane mapema. Hakai zamu moja na nesi anayemhudumia mgonjwa wa B. Ikitokea kakutana na damu yenye kirusi, anachomwa kingamwili zilizotengenezwa tayari, inaitwa imunoglobulini ya homa ya ini B, haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 24 ndo vizuri zaidi, kwa hiyo familia ijue kwamba ukitokea mkanganyiko wowote pale kwenye mashine hamsubiri kesho. Kuna sehemu wanajaribu pia kuchoma dozi ndogondogo ndani ya ngozi badala ya msuli, baadhi ya waliogoma kwenye msuli huitikia, hiyo ni ya kujadili na daktari wenu. Na kama mna mpango wa kupandikiza figo msisubiri, zile dawa za kushusha kinga zikianza chanjo inakuwa ngumu zaidi.

Kwanini tunahangaika hivi, mtu mzima mwenye afya akipata B mwili unaifukuza yenyewe, wanaobaki nayo ni chini ya 5 kati ya 100. Mgonjwa wa dayalisisi akiipata mara nyingi inabaki, na inabaki kimya, hana manjano hana homa, ini linaliwa taratibu huku yeye anajua uchovu ni wa mashine.

mwaka_wa_sita

Hiyo ya kimya ndo inatisha. Kaka mzee akipigwa aminyie pamba muda mrefu kidogo kama ametoka kwenye mashine, heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, inakuwa bado iko mwilini, mimi bega lilivilia damu likawa bluu wiki nzima nikajua ni chanjo.

kifunguamimba

Wakuu wiki 3 zimepita nimerudi na ripoti. Daktari kaangalia kadi, kanyamaza muda mrefu, akasema "tunaanza upya". Hakubisha. Wakapitia na kadi za wenzake wa zamu ile na wakakuta wengine wawili wana stika za 20 kama za mzee. Leo kapigwa ya kwanza, nilisimama pembeni nikahesabu vichupa, viwili, sindano mbili bega la kulia zimeachana kama vidole viwili. Mzee kaniambia "umehesabu kama unanunua ng'ombe".

Wamempangia mwezi ujao, unaofuata, halafu wa sita, na kipimo mwezi wa saba. Nimeandika tarehe zote nyuma ya kadi. Ila ya pili inaangukia siku ya mashine, niwaambie waisogeze?

nesi_wa_zamu

Usisogeze. Siku ya mashine ndo hawezi kuisahau, na sisi tunakuwa naye masaa manne hana pa kukimbilia.